UZI: Gari kuchemsha Nakuru–Timboroa–Kisumu: kifuniko, thamostati na joto sahihi la injini

RejetaSafi (Nakuru)

Wadau, nimefungua uzi huu kwa sababu ushauri unaozunguka kando ya barabara kati ya Salgaa na Mau Summit ni uleule wa miaka yote: ongeza maji, toa thamostati (valvu inayofungua njia ya maji kwenda rejeta yakipata joto), twende. Ushauri huo unaua injini, na unaua polepole kiasi kwamba mwenye gari hahusishi kifo na chanzo chake.

Tuanze na mwinuko, maana huku kwetu ndio unaobadilisha hesabu. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Maji kwenye sufuria iliyo wazi huchemka hapa kwa nyuzi 94 hivi, si 100. Kisumu, mita 1,130 hivi, ni nyuzi 96. Ukifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ni karibu nyuzi 91.

Sasa linganisha na injini. Thamostati ya Toyota nyingi za petroli huanza kufunguka nyuzi 82. Feni ya umeme kwa kawaida huwaka maji yakifika nyuzi 93 hadi 96. Kama kifuniko cha rejeta kimekufa na hakishiki presha, maji yatachemka Timboroa kabla feni haijapata amri ya kuwaka. Rejeta inaweza kuwa nzima, pampu nzima, gasketi nzima. Raba ya kifuniko imekauka, basi.

Kifuniko kina namba juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha kinayoshika juu ya presha ya hewa ya mahali ulipo: 0.9 ni kilopaskali 88 hivi, 1.1 ni 108. Cha 1.1 kikiwa kizima, hata maji matupu pale Timboroa hayachemki mpaka karibu nyuzi 117, cha 0.9, nyuzi 113 hivi. Yaani kifuniko kibovu kinakunyang'anya zaidi ya nyuzi 20 za usalama.

Kikague injini ikiwa baridi kabisa. Raba ya chini isiwe na ufa wala alama nzito ya ukingo wa shingo ya rejeta. Springi irudi kwa nguvu ukiibonyeza. Kile kivalvu kidogo cha katikati, kivute kwa kucha kidogo: kifunguke na kijifunge chenyewe. Kazi yake ni kurudisha maji kutoka chupa ya akiba injini inapopoa. Kikikwama, asubuhi utakuta hozi ya juu imenywea kama imefyonzwa, na chupa imejaa huku rejeta ina upungufu.

Ukinunua kipya, namba iwe ileile. Usipandishe kutoka 0.9 hadi 1.1 ukidhani unaongeza usalama. Matangi ya plastiki ya rejeta yaliyozeeka hupasuka pale yalipokunjiwa na bati.

Mama_Fielder (Njoro)

Ahsante ndugu. Swali: joto sahihi hasa ni lipi? Mshale wa geji kwenye dashibodi hukaa katikati siku zote, iwe mjini au mlimani. Na Vitz nyingi hazina mshale kabisa, kuna taa ya buluu na nyekundu tu.

Sensa_na_Waya (Eldoret)

Dada, mshale huo usiuamini sana. Watengenezaji waliupanga utulie katikati kwa upana mkubwa wa joto, ili dereva asihangaike kila unapotikisika kidogo. Ukiuona unaondoka katikati kwenda juu, tayari mambo yameharibika. Taa nyekundu ndiyo mbaya zaidi, inakuambia ukiwa umeshachelewa.

Dawa ni kidude cha OBD cha aina ya ELM327, kinachosoma kompyuta ya gari, pamoja na programu ya simu. Chomeka chini ya usukani, fungua usomaji wa joto la kulanti (maji ya rejeta yenye dawa). Kwenye injini ya petroli ya kawaida, nyuzi 85 hadi 95 barabarani ni afya. Kwenye foleni pale Kondele saa nane mchana zikifika 97 hadi 100, kisha feni ikawaka na kuzishusha, ni sawa pia. Zikipita 105 na kuendelea kupanda, tafuta pa kuegesha. Zikikaa chini ya 75 baada ya kilomita 15 za barabara kuu, thamostati imekwama wazi au mtu ameitoa. Gari nyingine hujishtaki zenyewe kwa kuandika msimbo P0128.

Joto hili linagusa nguvu ya gari kwa njia mbili. Injini ikiwa baridi, kompyuta huongeza petroli kama chok ya zamani, na giaboksi nyingi za otomatiki hukataa kufunga toki konveta (kiungo cha injini na giaboksi) au kuingia gia ya juu hadi maji yapate joto. Unakanyaga, mizunguko iko juu, gari haliendi inavyostahili, na petroli inaisha. Injini ikizidi joto nayo huanza kugonga, yaani petroli inajilipukia yenyewe ndani ya silinda. Kompyuta inasikia kupitia sensa ya kugonga na kuchelewesha cheche ili kujilinda. Hapo nguvu hushuka palepale unapoihitaji, katikati ya mlima.

Spana14 (Kisumu)

Naheshimu mlichoandika, lakini Kisumu si Uingereza. Hapa mchana ni nyuzi 30 na unyevu juu yake. Thamostati iliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi ili injini ipate moto haraka. Ukiitoa, maji yanazunguka bila kizuizi. Mafundi wengi hapa wanatoa na magari yanatembea.

RejetaSafi (Nakuru)

Spana14, nafurahi umelisema wazi maana ndilo linaloaminiwa na wengi. Nalijibu kwa heshima na kwa kirefu.

Ndani ya injini kuna nyuzi zaidi ya 2,000 mwako unapotokea. Kwa injini, tofauti kati ya hewa ya nyuzi 10 na hewa ya nyuzi 30 ya Kisumu ni ndogo. Inachotaka ni maji ya nyuzi 85 hadi 95 muda wote, Kisumu au kwenye theluji.

La pili ndilo mafundi wengi hawalijui. Thamostati za Toyota nyingi zina visahani viwili. Cha juu hufungua njia ya rejeta. Cha chini, wakati huohuo, hufunga njia ya mchepuko, ile inayorudisha maji ya moto ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukitoa thamostati, mchepuko unabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani, haipoi. Matokeo yake ni gari ambalo mjini linakaa baridi mno, halafu likipandishwa Nyahururu au Mau Summit na mzigo, linachemsha. Fundi analaumu rejeta, kumbe njia ameifungua yeye.

La tatu ni oili. Injini isiyofika joto hukusanya mvuke wa maji na petroli isiyoungua ndani ya oili. Oili hiyo haipati moto wa kuvukiza uchafu huo, inapoteza ulaini, na tope jeusi linaanza kuziba vichujio na njia ndogo za oili. Ringi na bearing'i huisha mapema. Gari "linatembea", ndiyo, lakini oili ya kilomita 5,000 inakuwa imechoka kwa 3,000.

Thamostati ikikwama imefungwa, badilisha. Usiitoe ukaacha shimo.

Spana14 (Kisumu)

Hilo la kisahani cha chini limeniingia. Nitalitazama kwenye 1NZ, ile injini ya Probox. Je, ya zamani naipimaje kabla ya kumwambia mteja anunue?

Sensa_na_Waya (Eldoret)

Fundi, sufuria, kipimajoto cha jikoni na uzi mwembamba vinatosha.

Bana uzi kwenye mdomo wa valvu ikiwa imefungwa, uining'inize ndani ya maji isiguse chini ya sufuria, kwa sababu chini kuna moto zaidi kuliko maji. Pasha polepole ukikoroga. Inapoanza kufunguka itauachia uzi na kudondoka. Soma joto hapohapo. Namba ya kufunguka imepigwa muhuri kwenye bati, mara nyingi 82. Ikianza kati ya 80 na 84 ni nzima.

Angalizo la huku kwetu: vitabu vya Toyota husema valvu iwe imeinuka milimita 8.5 au zaidi maji yakifika nyuzi 95. Nakuru na Eldoret hutafikisha nyuzi 95 kwenye sufuria wazi hata ukimaliza mtungi wa gesi, maji yatachemka 93 au 94 na kusimama hapo. Kwa hiyo usiitupe kwa sababu imeinuka milimita 7.5 badala ya 8.5. Angalia ilipoanza kufunguka, kisha itoe kwenye maji na uhakikishe inajifunga kabisa inapopoa. Ikibaki na mwanya unaoona mwanga, imekufa.

Ukiirudisha, kile kitundu kidogo chenye kipini kinachocheza kielekee juu. Ndicho kinachopitisha hewa wakati wa kujaza. Gasketi ya mpira iwe mpya, na nati za kifuniko chake zisivutwe kwa hasira: 1NZ inataka kama Nm 9 tu, na alumini haisamehi.

Kahawa_na_Miwa (Muhoroni)

Mnaongea sehemu za ndani. Sehemu kubwa ya magari ya ukanda wa miwa hupata joto kwa sababu ya nje. Kati ya kondensa ya AC (ile kama rejeta iliyo mbele kabisa) na rejeta kuna mwanya wa vidole viwili, na huko ndiko vumbi la barabara ya Chemelil, majani makavu ya miwa na wadudu wa ziwani hujipanga kama mkeka. Ukisimama mbele ya gari unaona kondensa safi, unadhani mambo ni mazuri.

Fungua bati la juu la mbele, mulika tochi katikati. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje, uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya presha ya kuoshea magari ikisogezwa karibu inalaza mapezi ya rejeta, na mapezi yaliyolala hayapitishi hewa tena.

Pia huko juu hewa yenyewe ni nyepesi. Presha ya hewa Nakuru ni pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko Mombasa, kwa hiyo feni ileile, kasi ileile, inasukuma hewa pungufu kupitia rejeta. Baridi ya mlimani inafidia kiasi. Rejeta iliyoziba robo inaweza kuvumilia Kisumu mjini ikakataa kupanda kutoka Awasi kwenda Kericho.

Mama_Fielder (Njoro)

Na maji je? Wengi tunajaza ya kisima.

Kahawa_na_Miwa (Muhoroni)

Usijaze ya kisima, hasa Nakuru. Maji ya ardhini ya Bonde la Ufa yana madini mengi, tazama tu birika la chai lilivyo na ukoko. Ukoko huo hujijenga kwenye kuta za silinda na kwenye mirija ya rejeta, na unazuia joto kutoka kwenye chuma kwenda kwenye maji. Geji inaweza kusoma nyuzi 92 huku chuma cha hedi (kifuniko cha juu cha silinda) kikiwa na moto zaidi sana. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa ya kuongeza kwenye betri. Soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri huwekwa rafu moja na maji hayo.

Kulanti huku hatuiweki kwa kuogopa maji kuganda. Tunaiweka kwa dawa zake za kuzuia kutu na alumini kuliwa, na kwa kuwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka nyuzi 6 au 7 juu ya maji matupu. Dawa hizo zinahitaji kiwango cha kutosha, hivyo usishuke chini ya thuluthi moja. Usipite asilimia 60 pia, maana kulanti tupu hubeba joto kidogo kuliko maji.

Kosa la kujaza ni hili. Mfumo wa lita 5 ukishaufungulia bomba la chini la rejeta, lita 1.5 hadi 2 za maji hubaki ndani ya bloku. Mtu akimimina kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu, anabaki na asilimia 30 hivi. Ukitumia kulanti nzito, mimina kwanza lita 2.5 za kulanti tupu, kisha malizia kwa maji yaliyotoneshwa. Ukitumia ile ya waridi ya Toyota, ambayo huja imeshachanganywa, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, kisha fungua pia plagi ya bloku ili maji yatoke yote. Ya waridi hudumu kilomita 160,000 mara ya kwanza na 80,000 kila baada ya hapo. Rangi usizichanganye kwa kubahatisha. Dawa za aina tofauti zikigombana hutoa ute unaoziba mirija ya hita.

Nganya_ya_Busia (Kisumu)

Wenye HiAce na Prado za dizeli msisahau feni ya klachi, ile inayozungushwa na mkanda. Ndani ina mafuta mazito ya silikoni, na mbele ina springi bapa inayosikia joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Injini ikiwa imezimwa, zungusha feni kwa mkono: iwe na ukinzani. Ikijizungukia yenyewe raundi kadhaa, imekwisha. Ukiona mafuta meusi yametapakaa kuanzia katikati yake, imevuja. Ikiwa nzima, gari likipanda kutoka Kiboswa na abiria kumi na wanne utaisikia ikinguruma ghafla, kisha inatulia. Usiifunge kwa bolti izunguke moja kwa moja, inakula nguvu na dizeli muda wote, na mapanga yanaweza kupasuka kwa mizunguko ya juu.

Kwa 1KZ-TE, ile injini ya dizeli ya Prado, nasisitiza: hedi zake zina sifa ya kupasuka zikipata joto. Kwa injini ile, nyuzi 105 ni amri ya kuegesha.

Probox_ya_Mboga (Molo)

Ninyi mafundi mnajuaje kilichoharibika bila kufungua kila kitu?

RejetaSafi (Nakuru)

Tunauliza linachemsha *lini*.

Likipata joto kwenye foleni na kupoa barabarani, ni feni. Washa AC: feni ikizunguka, mota ni nzima, basi tafuta relei au sensa. Chomoa plagi ya sensa ya joto injini ikiwaka. Kwenye Toyota nyingi kompyuta itawasha feni kwa tahadhari. Feni ikiwa imebadilishwa karibuni, weka karatasi mbele ya grili: ivutwe ndani. Waya zikigeuzwa, feni hupuliza kuelekea mbele na kupigana na upepo wa barabara.

Likiwa sawa mjini na kupata joto kwa kasi ya 100, rejeta imeziba ndani au nje, au hozi ya chini inafyonzwa na kubanwa. Fungua kifuniko ikiwa baridi. Ukiona ukoko mweupe au kutu kwenye mirija, utajua.

Likipata joto kwenye mlima mrefu tu, anza na kifuniko, kisha mkanda wa pampu unaoteleza, kisha pampu yenyewe. Tazama kitundu kidogo chini ya pampu. Alama ya waridi au nyeupe iliyokauka hapo ni sili inayovuja.

Maji yakipungua bila kuonekana yanakoenda, pima presha. Pampu ya mkono kwenye shingo ya rejeta, injini baridi, fikisha namba ya kifuniko, subiri dakika 10. Ikishuka na hakuna tone nje, toa plagi za cheche utafute iliyooshwa ikawa safi kupita nyingine. Mapovu yasiyoisha kwenye rejeta na hozi ngumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha ni gesi ya silinda: gasketi ya hedi. Lakini utando wa maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake, huku kijiti kikiwa safi, mara nyingi ni mvuke wa safari fupi. Usikubali hedi ifunguliwe kwa ushahidi huo pekee.

Ikifunguliwa, hedi ipimwe kwa rula ya chuma na fila geji. Kwa 1NZ mwisho ni milimita 0.05. Ikizidi, ipelekwe kusawazishwa kabla gasketi mpya haijawekwa, la sivyo unanunua gasketi mbili.

Sensa_na_Waya (Eldoret)

Nyongeza kuhusu sensa, maana inadanganya pande zote. Kwa Toyota, ohimita isome kiloohm 2 hadi 3 kwa nyuzi 20, na 0.2 hadi 0.4 kwa nyuzi 80. Ikisoma juu mno wakati wa moto, kompyuta inadhani injini ni baridi. Gari litanuka petroli, litatoa moshi mweusi na feni itachelewa. Watu hubadilisha plagi, nozeli na pampu ya petroli kwa tatizo la sensa moja.

Probox_ya_Mboga (Molo)

Basi la mwisho: mlimani na gunia za viazi nyuma, joto linaanza kupanda. Nifanye nini hasa?

RejetaSafi (Nakuru)

Zima AC mapema, pale Salgaa, usingoje. Shusha gia ili mizunguko ikae karibu 3,000. Kukanyaga pedali mpaka chini ukiwa gia ya juu na mizunguko 1,800 kunatengeneza joto jingi huku pampu ikizunguka polepole. Otomatiki: zima OD (gia ya juu kabisa) au weka S. Giaboksi nayo inapozwa ndani ya tangi la rejeta hiyohiyo, kwa hiyo ukiipunguzia kuhangaika unaipunguzia rejeta mzigo.

Ikifika nyuzi 103 na inapanda, fungua hita hadi mwisho, madirisha wazi. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Isiposhuka, egesha. Kama maji bado yapo, mvuke hautoki na feni inafanya kazi, iache injini iungurume dakika mbili tatu ipoe kwa mzunguko, kisha zima. Kama kuna mvuke, hozi imepasuka au hita imetoa hewa baridi ghafla, zima mara moja: maji yameisha, na sensa ikikaa hewani inaweza kusoma joto la chini la uongo.

Subiri angalau dakika 40 kabla ya kugusa kifuniko. Kifunike kwa kitambaa kizito, kigeuze hadi kituo cha kwanza, subiri ukelele uishe, ndipo ukitoe. Mimina maji kidogo kidogo, injini ikiwaka. Maji ya kijito yaliyomwagwa kwa wingi kwenye hedi ya nyuzi 120 yanaipasua.

Spana14 (Kisumu)

Na akimaliza kujaza atoe hewa. Pua ya gari ielekee mlimani, hita kwenye moto kamili, kifuniko kikiwa wazi. Acha iungurume, minya hozi ya juu mara kwa mara, ongeza maji yanaposhuka. Subiri hozi ya chini ipate moto, hapo thamostati imefunguka, na feni iwake mara mbili ndipo ufunge. Subaru zina skrubu ya kutolea hewa juu ya rejeta. Ifungue hadi maji yatoke bila mapovu. Kesho asubuhi ikiwa baridi, fungua uone kama maji yameshuka kwenye shingo. Nusu lita ikiingia tena, hewa ilikuwa imebaki. Rudia mara moja zaidi. Ikiendelea kupungua siku ya tatu, rudi kwenye kipimo cha presha.